Matembezi ya historia ya bandari, Kigoma mpaka Ujiji: mtafuteni huyu mzee

Wadau wa Kigoma na nyie wote mnaopanga kuja huku mwisho wa reli, naandika hii kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza akija Kigoma ukiacha Gombe aende wapi, na sa hivi jibu langu ni moja, mtafuteni mzee mmoja mstaafu wa meli anayetembeza watu kwa miguu na bajaji kuanzia stesheni ya reli mpaka Ujiji. Jina lake siandiki maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika stesheni asubuhi ukawauliza madereva bajaji "yule mzee wa habari za bandari" watakuonyesha. Nimelipa 15,000 kwa kichwa, bajaji ya kwenda Ujiji na kiingilio cha makumbusho vinakuwa juu yako, na ninasema wazi kabisa hiyo bei ni ndogo kwa kile unachopata.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimekulia Mwanga, shule nimesoma hapa, na hiyo habari ya Livingstone, yule mmisionari, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta akamkuta Ujiji, tumeimbishwa tangu darasa la tatu. Wengi wanaotembeza watu wanakupeleka moja kwa moja kwenye mwembe Ujiji, wanakuonyesha sanamu za wale wazungu wawili wanasalimiana, wanakutajia tarehe 10 Novemba 1871, piga picha, haya twende. Niliwahi kulipia safari ya hivo kwa kampuni moja (siitaji), tulimaliza kabla hata jua halijawa kali tukabaki tunaangaliana. Sio kwamba walidanganya, hapana, ila hakuna aliyetuambia kwa nini ni Ujiji na sio kwingine, wala kwa nini leo meli haziendi Ujiji kabisa.

Huyu mzee swali lake la kwanza ndio hilo. Mmesimama mbele ya lile jengo la stesheni la Mjerumani, lenye matao, watu wamebeba mabegi na madumu ya mawese, anawauliza, "Livingstone alikaa Ujiji, meli zinatia nanga Kigoma, na kati hapo ni kilomita kama nane tu. Nani aliihamisha bandari?" Watu wanajibu Mjerumani, wengine wanasema reli, yeye anatikisa kichwa, anasema subirini, jibu ntawapa tukifika Ujiji. Na kweli anasubiri, mchana mzima maelezo yake yanaelekea huko.

Pale stesheni haongei sana. Anasema reli ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika Kigoma Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,200, na miezi sita haijaisha vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Mjerumani alitaka bandari ambayo behewa linafika mpaka kwenye maji. Basi, mnateremka.

Bandarini ndio penyewe. Kwanza angalizo, ndani hamwingii bila kibali na picha usipige ovyo ovyo, uliza kwanza, mzee mwenyewe anakusimamisha sehemu ya juu kidogo ambayo ghuba yote unaiona. Hapo ndio utaelewa Kigoma ni nini, ghuba imeingia ndani, vilima vimeizunguka, upepo wa Ziwa Tanganyika wenyewe unapita kule nje, na maji ni marefu mpaka karibu na ukingo. Mzee anaonyesha kwa fimbo yake hapa gati, pale chelezo, kule Bangwe, na anaanza habari ya Liemba, na mimi hapo nilisahau hata kama nimelipa kiingilio cha kitu kingine.

Wengi tunajua Liemba ni meli ya zamani ya Mjerumani, lakini sikiliza jinsi ilivyofika. Iliundwa 1913 Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen, jina la aliyekuwa gavana wa hii koloni. Ikafunguliwa yote vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, yakaja kwa meli kutoka Hamburg mpaka Dar, yakapanda treni mpaka Kigoma, ikaungwa tena misumari kwa misumari hapo hapo chini, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Meli ya mita 71! Sasa Mwingereza na yeye kule kwao akajibu kwa maboti mawili madogo, Mimi na Toutou, urefu wake futi 40 tu, yaliyojaribiwa kwenye mto Thames, yakapakiwa melini mwaka 1915 mpaka Cape Town, yakapanda treni mpaka Katanga, afu yakavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe mpaka yakafika upande wa pili wa ziwa letu, kule Lukuga, Kalemie ya leo. Kamanda wao alikuwa Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ya Mjerumani inaitwa Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mzee anapofika hapa anasimama anasema, "Hesabuni watu waliobeba. Kila kasha lilipita mgongoni kwa mtu, na hao hawana sanamu." Hakuirudia tena mchana wote, na mimi ndio kitu nilichoondoka nacho.

Julai 1916 Wabelgiji wanakaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao tarehe 26, ila mafundi waliipaka grisi mashine zote kwanza, nene, wakijua ipo siku itaibuliwa. Ikaibuliwa kweli na Waingereza 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mashine ya mvuke ilikuja kubadilishwa baadae ikawekwa ya dizeli.

Hapo watu wote wenye umri wangu tuna la kusema na mzee anakuacha useme, hakukati. Mimi nilipanda Liemba na marehemu mama tukienda Kirando kwa bibi. Ambaye hajapanda hajui, meli vituo vingi haina gati, inasimama katikati ya maji usiku, inapiga honi, mitumbwi inatoka gizani na vibatari na tochi inakimbilia ule mlango wa ubavuni, wa kwanza akifika anafunga kamba wengine wanajifunga kwake, na hapo watu wanapanda na kushuka kwa wakati mmoja, kuku, magodoro, magunia ya dagaa, nanasi, mtoto anarushwa anadakwa, mama anapiga kelele "mtoto wangu jamani!" na mtoto tayari kashakaa kwenye mtumbwi ametulia kabisa. Nilirushwa hivo. Mikono ya yule mvuvi aliyenidaka ilikuwa inanuka migebuka na ina magamba yamekauka mpaka kwenye viwiko, mpaka leo nikinusa migebuka ya kukaushwa sokoni namkumbuka na jina lake sikuwahi kulijua. Mzee akaniuliza mwaka gani, nikamwambia, akasema "mwanangu, mwaka huo nilikuwa chini, injini." Kwa hiyo tulikuwa wote melini. Na mwaka 1997 hiyo hiyo Liemba ndio ilirudisha wakimbizi wengi kwenda Kongo, na yeye alikuwepo, akaongea kidogo tu hapo akanyamaza, tukamuacha.

Sa hivi Liemba imesimama safari miaka kadhaa kwa ajili ya ukarabati na sisi watu wa mwambao tunaisubiri kwa hamu, sio kwa ajili ya utalii, ni kwa ajili ya kufika nyumbani.

Sasa siku yetu kulikuwa na mama mmoja wa Kiskoti, mtu mzima, alikuja na binti wa chuo anamtafsiria, na huyu mama alifanya matembezi yawe mazuri mara mbili. Ametokea mji unaitwa Port Glasgow, mdomoni mwa mto Clyde, na baba yake alikuwa fundi wa kuunga mabati ya meli. Aliposikia kuhusu Kigoma na Ujiji alicheka akashika mkono wa mzee, akasema, kwetu ni hivi hivi! Akaeleza kwamba zamani mto Clyde ulikuwa hauna kina, meli kubwa haziwezi kufika Glasgow, kwa hiyo mwaka 1668 wakubwa wa Glasgow wakanunua eneo chini kabisa kwenye maji marefu wakajenga bandari yao, ndio ikawa Port Glasgow. Afu baadae, kuanzia miaka ya 1770 huko, wakauchimba mto ukapata kina, meli zikawa zinapita zinaenda Glasgow yenyewe, bandari ya kwao ikakosa kazi, mji ukageukia kuunda meli. 1812 ikaundwa hapo meli ya mvuke inaitwa Comet, ya kwanza kubeba abiria kibiashara Ulaya nzima. Sisi wote tukamgeukia mzee tukijua sasa atatoa jibu lake, na yeye bado akasema Ujiji, Ujiji.

Huyo mama alisema akiwa mtoto honi ya kiwandani ikilia jioni mtaa mzima unajaa wanaume wamevaa kofia, kelele za viatu kwenye mawe, na mama zao wanajua waanze kupakua chakula. Leo kiwanda cha meli kilichobaki pale ni kimoja. Na ile Comet, walitengeneza mfano wake 1962 kuadhimisha miaka 150 wakauweka katikati ya mji, ukakaa nje kwenye mvua mpaka ukaoza, 2023 wakaubomoa. Alipolisema hilo aliiangalia sana ile bandari yetu akamwambia binti amtafsirie mzee hivi, "ya kwenu ni yenyewe, sio mfano, msikubali." Mzee akaitikia kwa Kiswahili, "Ameshanisalimia shikamoo, sasa ananipa na kazi." Wote tukafurahi, ila najua lile neno lilimwingia.

Bajaji mpaka Ujiji, tukapita Mwanga, hapo mzee anapumzika haongei. Kama mna njaa mwambieni mapema msimame mle, ugali na migebuka wa kuunga mawese maeneo yale ni mzuri sana.

Ujiji mzee hakupeleki kwenye mwembe kwanza. Anakupeleka ufukweni, kwenye mitumbwi, kwenye mchanga, anakuambia tazama kina. Wazi, pwani imelala, mawimbi yanakuja moja kwa moja, hakuna pa kujificha upepo. Kwa mtumbwi na jahazi dogo hapo ni pazuri, unavuta chombo chako mchangani umemaliza. Kwa meli ya chuma, "mwanangu, meli haipandi mchanga." Afu ndio anatoa jibu lake, kwamba aliyeihamisha bandari ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Kipindi cha Livingstone huo mlango ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, maji yanapanda mwaka hadi mwaka. Stanley aliporudi Ujiji 1876 alikuta ziwa limekula sehemu ya ufukwe aliouacha mwenyewe 1871. Mwaka 1878 mlango ukafunguka, maji yakaanza kushuka kwa nguvu, ikafika kama mita 10 ndani ya miaka isiyozidi ishirini. Baharia mmoja Mwingereza, Edward Hore wa London Missionary Society, alifika Ujiji mwaka huo huo wa 1878 akakaa akaona maji yanavyorudi nyuma. Kwa hiyo mji uliokuwa umeota kando ya maji ukajikuta unaachwa, na Mjerumani alipokuja na reli yake kulikuwa na ghuba ya Kigoma inamsubiri, yenye kina maji yapande au yashuke.

Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwahi kuambiwa hivi. Ukitoka hapo ukapanda mpaka kwenye mnara ndio unaelewa kwa nini mnara wa watu waliokutana kando ya ziwa uko mbali na ziwa. Na ninyi mlioona maji yalivyopanda miaka hii ya karibuni, Kibirizi na kwingine, nyumba na mialo imeingia maji, mtaelewa kwamba sio mara ya kwanza ziwa kufanya hivi, na mzee anasema hivyo kwa uchungu kabisa maana kuna ndugu zake wamehama.

Akaeleza na soko la Ujiji lilivyokuwa, chumvi ya Uvinza, dagaa, mawese, pembe za ndovu kutoka Manyema, na watu, watu waliouzwa. Sokoni walikuwa wanalipana kwa shanga zinaitwa sofi. Burton na Speke, wale wasafiri Waingereza, walipofika 1858 soko lilikuwepo tayari, kwa hiyo tafadhali asiambiwe mtoto wa Ujiji kwamba mji wake uligunduliwa na mtu. Ile miembe mikubwa mnayoiona kuelekea mjini ndio njia ya misafara, kutoka hapo mpaka Bagamoyo kwa miguu, na mzee anawapitisha chini yake polepole, hapo hataki mtu aongee na simu.

Makumbusho yenyewe ni madogo, na mimi nayapenda. Sanamu za Livingstone na Stanley zipo, picha za kuchorwa zipo, mnara wenye ramani ya Afrika na msalaba upo, na miembe iliyopo ni uzao wa ule wa zamani uliokufa. Mzee hapo anachukua muda kwa watu wengine, Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndio wa kwanza kumkimbilia Stanley siku ile na kumsalimia kwa Kiingereza. Livingstone alipofariki 1873 kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, hao na wenzao ndio waliukausha mwili wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na mmoja wao, Jacob Wainwright, alipanda nao meli mpaka bandari ya Southampton, Aprili 1874, akawa mmoja wa waliobeba jeneza Westminster Abbey. Yule mama wa Kiskoti alisema shuleni kwao walifundishwa Livingstone vizuri sana, maana Blantyre alikozaliwa ni huko huko juu ya mto wao wa Clyde, ila jina la Wainwright ndio kwanza analisikia, Ujiji, kwa mzee wa meli. Akaliandika kwenye kidaftari, akamuomba binti amtajie herufi moja moja.

Mapungufu yapo na nayasema kwa nia nzuri. Matembezi ni marefu, jua la saa saba Ujiji sio mchezo, mwenye wazazi wazee aje na mwavuli na maji na amwambie mzee mapema apunguze. Choo kati ya bandarini na makumbusho ni shida. Mzee akichangamka anaongea haraka na anachanganya Kiha, sisi wa hapa raha, wageni wanabaki nyuma, kwa hiyo njoo na mtu wa kukutafsiria kama huyo mama. Hana risiti, kwa watu wa ofisi mnaodai risiti mjue hivo. Na anapokea pesa taslimu tu.

Ningeomba vijana wa chuo hapa Kigoma mmoja wenu akae naye amrekodi, hasa zile habari za injini na za 1997, maana ana umri na hajaandika chochote. Mimi nimeshaanza kidogo kwa simu kwa ruhusa yake ila najua haitoshi.

Walio Tabora au mnaopita Tabora na treni, unganisheni na tembe la Livingstone pale Kwihara, alikaa hapo na Stanley 1872 kabla hawajaachana, Ujiji ukishaielewa Kwihara inakaa vizuri zaidi. Mzee hafiki huko.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu ni ya jua na choo. Anaanza saa mbili asubuhi, Ijumaa anamaliza mapema aende msikitini, makundi zaidi ya watu wanane hapokei kwa sababu anataka kila mtu asikie. Ukimkuta msalimie vizuri, na kama uliwahi kupanda Liemba mwambie mwaka gani, bei inaweza hata kushuka.